Kijiko cha Jagi

Kabla ya yote nakula kiapo: yaliyomo humu ni kweli tupu, sijatia hata punje ya chumvi. Wanaonijua watacheka hapa. Wacheke. Kwa mambo mengine nimepiga chuku, sikatai, lakini hili la mashine ya kumimina magurudumu lilitokea vilevile nitakavyolisimulia, na anayebisha aje na mashahidi wake.

Palikuwa na karakana moja yenye watu watano, nyuma ya yadi ya mbao, paa la bati na milango miwili ya chuma ambayo kila asubuhi ilisukumwa kwa bega. Humo yalitengenezwa magurudumu: ya vitanda vya hospitali, ya vitoroli vya dukani, ya ngazi za maktaba. Hayakuwa ya mpira wala ya plastiki ya kawaida. Yalikuwa ya poliyurethani, ambayo huanza ikiwa maji ya namna mbili na kuishia kuwa kitu ukikipiga nyundo, nyundo ndiyo inarudi. Lakini watu wa pale hawakuwa na muda wa jina refu kiasi hicho. Waliita uji.

Dawa za uji zilikuwa mbili. Moja nyeupe, tulivu, haina neno na mtu. Hiyo waliiita Bibi. Ya pili ya kahawia, inanata kama asali, na mvuke wake huuoni ila unakwaruza koo. Hiyo waliiita Bwana. Ukishawakutanisha Bwana na Bibi una dakika nne za kukoroga, kutoa mapovu na kujaza kalibu, yale maumbo ya chuma yanayolipa gurudumu sura yake. Dakika ya tano hakuna talaka. Uji umeganda, na ukizubaa, ndoo na mwiko vinakuwa kitu kimoja mpaka kiama.

Mkorogaji alikuwa mwanamke waliyemwita Mama Ndoo. Wengine wakikoroga, gurudumu linatoka na matundu ndani kama mkate. Akikoroga yeye, unalishika kwenye mwanga usione hata tobo la sindano. Miaka tisa aliiinamia ndoo ile. Mwaka wa tisa kifua kikaanza kumbana. Kwanza kikawa kikohozi cha jioni, halafu cha mchana kutwa, halafu akawa hapandi ngazi tatu za ofisi bila kushika ukuta. Daktari alimsikiliza mgongoni muda mrefu, akauliza anafanya kazi gani, akaambiwa, akavua miwani.

"Mama, mwili wako umeshaikataa hiyo dawa. Uondoke kwenye ndoo au uondoke kwenye kazi. Njia ya tatu mimi siijui."

Mwenye karakana alikuwa binti wa aliyeianzisha, mwanamke wa haki na wa maneno machache. Wote walimwita Bosi. Alikisoma cheti cha daktari akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Mama, nikikutoa kwenye ndoo sina pa kukuweka," akasema. "Watano tu sisi. Lakini tukipata mashine inayochanganya yenyewe, ndani kwa ndani, tutatoa magurudumu mara tatu, na nitahitaji mtu wa kuyakagua yakishakauka. Chumba cha mbele, mlango umefungwa, mbali na dawa. Kiti hicho ni chako. Bila mashine, kiti hakipo."

Halafu akageuza shingo.

"Mzee Ng'ambo, si wewe ndiye mwenye habari za mashine? Chagua. Utakayoichagua ndiyo nitakayoinunua."

Ng'ambo alikuwa fundi mkuu wa kalibu, na Mama Ndoo alikuwa shemeji yake, mjane wa mdogo wake wa tumbo moja. Ni yeye aliyemleta pale baada ya arubaini ya marehemu, akamshikisha mwiko kwa mkono wake mwenyewe na kumwambia, shemeji, kazi hii ni nyepesi, ni kama kupika. Sasa alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, na amechoka uchovu ule usioisha kwa kulala. Magoti yalichoka, macho yalichoka, hata viatu vyake ukiviona mlangoni ulitamani kuvipa pole.

Jina lake lilitokana na hadithi. Kila saa ya chai, kwa miaka ishirini, alikuwa akisimulia kiwanda alichofanyia kazi ng'ambo. Mashine ya uji ya huko ilikuwa ndefu kama mtaa, na mwendeshaji alipewa baiskeli ya kwendea kutazama upande wa pili. Ilimimina soli za jeshi zima kabla watu hawajanawa uso. Siku moja ilipiga chafya, ikavika soli magari saba yaliyoegeshwa nje, na mpaka leo magari hayo hayajawahi kupata pancha. Na nani aliyeitibu chafya hiyo? Ng'ambo huyuhuyu, kwa kipande cha waya na sabuni ya kufulia.

Ukweli aliujua peke yake. Huko ng'ambo alikaa miezi kumi na mmoja akipakia vigae vya bafuni kwenye ghala. Mashine ya uji aliiona mara moja, kupitia dirisha lenye vumbi la kiwanda cha jirani, na hata hiyo huenda ilikuwa ya kutengeneza sabuni.

Angeweza kusema palepale. Mdomo ulishafunguka. Lakini shemeji yake alikuwa ameegemea kabati la mafaili, anavuta pumzi kidogo kidogo kama mtu anayekunywa kitu cha moto, na macho yake yako kwa Ng'ambo.

"Niachieni mimi," akasema Ng'ambo.

*

Muuzaji wa mashine alikuja na tai nyekundu siku ambayo lami ilikuwa inayeyuka barabarani, kwa hiyo jina lake lilipatikana kabla hajafunga mlango wa gari. Tai Nyekundu alitandika picha juu ya meza ya kufanyia kazi, katikati ya visu na makopo.

Ng'ambo alikunja mikono kifuani. Hila yake alishaifikiria njiani.

"Kijana, mimi mashine hizi nimezila nikazimaliza," akasema. "Sasa nataka nikupime wewe. Nielezee kama unamwelezea mtu ambaye hajawahi kuziona."

"Hajawahi kabisa, mzee?"

"Kabisa. Mchukulie kama mpakia vigae."

Tai Nyekundu akajitengeneza koo akaanza, na Ng'ambo akawa anatikisa kichwa kama mwalimu wa mtihani, akisema, endelea, hujakosea bado, huku mkono wake mfukoni unajikumbusha kila neno kwa kidole. Mashine zote, alieleza kijana, zina matangi mawili, la Bwana na la Bibi, na kila tangi lina pampu yake. Tofauti kubwa iko pale wanapokutania. Ya kwanza ilikuwa na kichwa chenye panga dogo ndani, linalozunguka kasi kuliko feni.

"Hii inachanganya chochote utakachoipa. Ila ukisimama muda wa kuganda ukapita, lazima kichwa kioshwe kwa dawa ya kusafishia."

"Hiyo dawa inanuka?" Mama Ndoo aliuliza kutoka mlangoni, kitambaa puani.

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo ya kwako wewe unayepita na gari, au ya kwangu mimi ninayeshinda humu?"

Tai Nyekundu alimtazama, akatazama kitambaa. "Inanuka, mama."

Ya pili haikuwa na panga. Ilisukuma dawa zote mbili ndani ya mrija wa plastiki, urefu wa mkono mpaka kiwiko, na ndani ya mrija mlikuwa na utepe mgumu uliosokotwa kama ngazi ya mnara. Bwana na Bibi wakipita humo wanapinduliwa, wanakatwa, wanapinduliwa tena, mpaka wanatoka wamekuwa uji. Kazi ikiisha mrija unatupwa. Hakuna cha kuosha.

"Na ikifika saa ya chai?" akauliza Mama Ndoo.

"Mnatupa mrija, mkirudi mnafunga mpya."

"Na kama chai yenyewe ni dakika tatu?"

"Mama, hapa mnakunywa chai dakika tatu?"

"Bosi akiwepo, ndiyo."

Hata Ng'ambo alicheka, kicheko kilichoishia kwenye meno. Kisha akauliza swali alilokuwa ameliokota kwenye maneno ya kijana mwenyewe dakika kumi nyuma: mrija huo utazimudu dawa zao? Tai Nyekundu akasema hilo halijibiki kwa mdomo. Apewe vipimo. Gurudumu dogo kabisa lina uzito gani, na kubwa kabisa. Uji unaganda kwa muda gani. Kila dawa ina uzito gani wa kutiririka, asubuhi na mchana. Na sehemu ngapi za Bwana kwa sehemu mia za Bibi.

Wiki ile Ng'ambo alifanya kazi ya kweli, na hapa simtanii. Alipima kila gurudumu kwenye mizani. Dogo lilikuwa gramu tisini, la kitoroli cha dawa za wagonjwa. Kubwa kilo moja na nusu. Alikaa na saa mbele ya vikombe vya uji, akivichoma kwa kijiti mpaka kijiti kikakataa. Asubuhi na mapema alitoboa kopo chini, akamimina Bwana humo na kuhesabu muda alioutumia kupita tundu. Saa saba mchana akarudia. Asubuhi Bwana alitoka kama mtu anayeamshwa kwa lazima. Mchana alikimbia. Jioni Ng'ambo alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo ukutani, daftari gotini, na shemeji yake akamletea chai.

"Umechoka, shemeji," akasema Mama Ndoo.

"Nimechoka tangu mwaka juzi. Sasa namalizia tu."

"Usijiue kwa ajili yangu."

"Nani kakwambia ni kwa ajili yako? Mimi napenda tu kutazama Bwana akidondoka."

Mama Ndoo akacheka, na kile kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamshika mpaka akakaa chini. Ng'ambo alishika kikombe chake na cha shemeji, mkono huu na mkono huu.

Vipimo vilisema hivi: mashine ndogo, kwa sababu ya lile gurudumu la gramu tisini; pampu za gia, zinazosukuma kwa mfululizo bila kushtuka; matangi yenye joto, ili asubuhi na mchana Bwana awe na tabia moja; vifuniko vilivyobana na hewa kavu juu ya dawa, ili mvuke usitoke wala unyevu usiingie; na mrija wa kutupa. Bosi aliisoma karatasi ya Ng'ambo mara mbili.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

*

Mashine ikaja kwa majaribio ya siku saba. Ilikuwa fupi, ya rangi ya kijivu, magurudumu manne chini yake, ambayo watu wa karakana waliyacheka kwa sababu yalikuwa mabovu kuliko ya kwao. Tai Nyekundu alivua tai akaitia mfukoni, akafunga mipira ya kupitishia dawa, akajaza matangi, akaomba kipimo.

Kipimo kilikuwa ukutani, kwenye ubao mweusi juu ya mizani, kimeandikwa kwa chaki na kurudiwa kwa chaki miaka ishirini. Bibi mia, Bwana arobaini na nne.

"Mna karatasi ya muuza dawa niilinganishe?"

"Karatasi ni hii," Ng'ambo akagusa kipaji cha uso.

Kijana akaandika arobaini na nne kwenye mashine. Kisha akachukua vikombe viwili. "Basi tuutoe mrija, tupime kila upande peke yake, tuone kama inatoa tulichoiambia."

Hapo ndipo lilipoharibika jambo. Ng'ambo hakujua kipimo hicho kinafanywaje. Hakujua kikombe kinakaa wapi, bomba lipi linafunguliwa kwanza, namba zinasomwaje. Na watu wote wanne walikuwa wamesimama nyuma yake, pamoja na Bosi, wakimtazama mtu aliyetibu chafya kwa sabuni.

"Hakuna haja," akasema. "Kule kwetu tulikuwa tunasikiliza sauti. Hii iko sawa."

"Mzee, ni dakika tano tu."

"Kijana, nimekwambia nimeisikia."

Wakamimina. Ilikuwa raha kuitazama, nani atakataa. Mkanyagio unakanyagwa, uji unashuka kutoka kwenye mrija kama uzi wa asali, hakuna ndoo, hakuna mwiko, hakuna harufu. Mama Ndoo alikwenda kutazama kupitia kioo cha chumba cha mbele. Siku ile walimimina magurudumu arobaini.

Siku ya tatu yalipokwisha kukauka, Bosi alichukua moja akaliachia lianguke sakafuni, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Lilipasuka. Akachukua jingine. Likapasuka vipande vitatu, kavu, kama biskuti. La tatu hakuliachia. Alilibonyeza kwa kidole gumba ukingoni, na ukingo ukameguka.

Bosi aliyarudisha mabaki mezani, akayapanga.

"Ijumaa mashine inarudi kwa mwenyewe," akasema. "Siwezi kupeleka hospitali kitanda kitakachomwangusha mgonjwa. Mama, pole. Sana. Nitakuandikia barua nzuri popote utakapotaka kwenda."

Mama Ndoo aliitikia kwa kichwa. Kisha akavua kitambaa puani, akakikunja, akaenda kwenye ndoo. Kulikuwa na oda ya vitoroli inangoja, na hakuna mwingine wa kuikoroga.

Ng'ambo alikaa juu ya pipa. Alikuwa na hoja kumi za kuilaumu mashine, na zote alikuwa ameshazianza kichwani: joto, umeme, unyevu, tai nyekundu. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hakuimaliza hata moja. Alimtazama shemeji yake tu. Akamtazama akimimina Bibi kwenye ndoo, juu ya mizani. Akamtazama akimpima Bwana kwenye jagi, peke yake, arobaini. Kisha, bila kutazama, kama mtu anayejikuna, Mama Ndoo akachota kijiko kikubwa cha Bwana akakiongeza ndani ya jagi. Arobaini na nne.

Kijiko cha jagi.

Bwana ananata. Ukilipindua jagi juu ya ndoo, hamalizi wote kutoka. Sehemu nne hubaki zimeng'ang'ania kuta za jagi. Kwa hiyo unaongeza nne za kubaki, ili arobaini wafike. Ndiyo desturi ya pale, na aliyeianzisha ni Ng'ambo mwenyewe, miaka ishirini nyuma, na ni yeye aliyefuta arobaini ubaoni akaandika arobaini na nne ili asiulizwe kila siku. Lakini mashine haina jagi. Mashine inatoa wote. Waliiambia imwage Bwana wa kubaki kwenye jagi, na yenyewe, kwa utiifu, ikamwaga ndani ya magurudumu. Bwana akizidi, gurudumu linakakamaa.

Vikombe viwili vya kijana vingesema hivyo kwa dakika tano. Kila upande peke yake, kisha mtu anauliza: mbona hapa Bwana anafika wote arobaini na nne, na kwenye ndoo hafiki?

Ng'ambo akainuka kwenye pipa, akajikaza, akaenda ofisini bila kukawia hata sekunde, akasimama mbele ya Bosi akasema yote. Kijiko, ubao, vikombe. Na kwa sababu alikuwa ameshaanza, akasema na la ghala.

"Vigae?" akasema Bosi.

"Vya bafuni. Vyeupe, na vingine vya maua."

"Na ile baiskeli?"

"Hakukuwa na baiskeli."

Bosi akanyanyua simu, akamwita Tai Nyekundu. Walipima kwa vikombe viwili: mia, arobaini na nne, barabara kabisa, mashine haikuwa na kosa hata la tone. Wakaiambia arobaini. Wakamimina, kijana akakubali Ijumaa ipite, wakangoja siku tatu, Bosi akaliachia gurudumu likaanguka, likaruka, likagonga kabati la mafaili na kujificha chini yake. Tai Nyekundu akavaa tai yake.

"Mzee," akasema, "ile sauti mliyokuwa mnasikiliza kule, ilikuwa ikisema nini?"

"Ilikuwa inasema, pakia."

Mashine ikabaki. Mama Ndoo akahamia chumba cha mbele, na kipima ugumu chake chenye sindano, na dirisha. Kifua hakikupona, daktari alisema vifua vya namna hiyo havisahau. Lakini aliacha kushika ukuta.

Na yale magurudumu arobaini yaliyoharibika yalikuwa na vyuma vya katikati ambavyo Bosi alivihitaji. Ng'ambo alivikwangua vyote arobaini, peke yake, kwa kisu na patasi, bila kusaidiwa na mtu, siku sita, mpaka vidole vikawa haviwezi kufunga kifungo cha shati.

*

Hapa nilikuwa nimeweka nukta na kuifunika kalamu. Lakini shemeji alikuja kunijulia hali, akazikuta karatasi mezani, akavaa miwani yake na kuzisoma zote, polepole, akimeza mate kila anapogeuza ukurasa. Mimi nikajitia kutafuta redio.

"Huyu Ng'ambo ni nani?" akauliza.

"Ni mtu wa kwenye hadithi tu."

"Mwenye vigae vya maua."

Ndiyo, Ng'ambo ni mimi.

"Magurudumu hayakuwa arobaini," akasema. "Yalikuwa kumi na mawili. Na vyuma vitano nilivikwangua mimi, nimekaa nje kwenye upepo, na ninakohoa."

"Vitano?"

"Vitano. Na haya ya kukaa juu ya pipa ukanitazama, ukagundua kijiko. Shemeji, tazama machoni kwangu. Nani aligundua kijiko?"

Redio ilikuwa mkononi na nikaendelea kuitafuta.

Basi ni hivi. Aligundua yeye. Nilikuwa nimekaa juu ya pipa, hilo ni kweli, lakini macho nilikuwa nimeyafumba. Yeye ndiye aliyesimama na kijiko hewani, Bwana anadondoka, akasema, "Shemeji, kwenye mashine jagi liko wapi?" Nilielewa papo hapo. Na sikwenda ofisini. Nilimwambia aache maneno, akoroge, oda inangoja. Nilihofia vikombe, nilihofia vigae. Alikoroga ndoo ile yote akinitazama, na ndoo iliyofuata. Siku ya pili yake ilikuwa hivyohivyo, sikufungua mdomo, na yeye anaivuta ile dawa. Alhamisi, saa nane mchana, siku moja kabla mashine haijarudishwa, akaniambia, "Mimi sitakusema. Nikikusema utakufa kwa aibu. Lakini nitasimama hapa kwenye ndoo mpaka uende mwenyewe." Halafu kikohozi kikamkamata, akapiga goti, na mwiko hakuuachia. Hapo ndipo nilipokwenda.

Siku mbili, na ndoo sita. Alizihesabu.

"Andika hivyo," akasema. "Usifute yale ya mwanzo, watu wayaone. Na Jumapili wajukuu wakija, unawasomea wewe, kwa sauti yako, mpaka mwisho."

"Na ya baiskeli niwasomee?"

"Ya baiskeli wanaipenda. Wasomee."

Nimewasomea jana. Mkubwa wao aliuliza ndoo sita ni kiasi gani, nikashindwa kumjibu, na shemeji, aliyekuwa kwenye kiti cha dirishani, hakunisaidia.